Fundi Ajibu: Saa 7 na Dakika 40

Mwezi huu ukurasa wote nautoa kwa mtu mmoja, mwandishi Roald Dahl. Toleo lililopita nilidokeza kwamba nimepata barua kutoka Otiende kuhusu rubani wa vita aliyejifunzia kazi Nairobi, na kwamba nitaijibu. Kabla sijashika kalamu zikaingia nyingine nne za jambo hilo hilo. Kwa wasomaji wapya: nilikuwa fundi wa injini za ndege Uwanja wa Wilson, hapa Nairobi, tangu 1975 hadi nilipostaafu. Kurusha ndege sijarusha. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha aliyeirusha anarudi.

SWALI: Hujambo Fundi. Mimi ni mjane, mama wa watoto watatu, naishi Otiende. Ndege zinazotua Wilson hupita juu ya kamba yangu ya nguo. Kifungua mimba wangu ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne na hana neno lingine ila kuwa rubani wa jeshi. Juzi amenijia na habari za Roald Dahl, yule mwandishi wa hadithi za watoto. Anasema alikuwa rubani wa vita, alijifunzia hapa hapa Nairobi, na mama yake naye alikuwa mjane kama mimi lakini akamwachilia aende. Ni kweli? Nijibu kama ungemjibu dada yako. — Mama wa Watatu, Otiende

JIBU: Dada yangu, mengi ni kweli. Roald Dahl alijifunza kurusha ndege Nairobi, kuanzia Novemba 1939, akiwa na miaka 23. Na mama yake alikuwa mjane. Ila lile la kumwachilia, hapo kijana wako ameruka hatua, nami nataka uijue hiyo hatua kabla hajakushinda kwa maneno.

Dahl alizaliwa Llandaff, mjini Cardiff, Wales, tarehe 13 Septemba 1916, na wazazi wake walikuwa watu wa Norwe. Mwaka 1920 dada yake Astri, mtoto wa miaka 7, alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Wiki chache baadaye baba akafuata. Mama, jina lake Sofie Magdalene, akabaki na watoto wadogo na mwingine tumboni. Akawalea wote na akawasomesha.

Kijana alipomaliza shule alikuwa na hamu ya kwenda mbali. Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 wakamleta Dar es Salaam. Mama alimwachilia mwanawe aende kuuza mafuta ya taa na grisi, hakumwachilia aende vitani. Vita vilimkuta huku kwetu, yeye na mama yake wakiwa wametenganishwa na bahari, na habari zikawa zinasafiri kwa barua.

Septemba 1939 ilipofika, Waingereza wa Dar walikuwa na wasiwasi mmoja mkubwa. Tanganyika ilikuwa koloni la Wajerumani hadi Vita vya Kwanza, na Wajerumani wengi walikuwa bado wanaishi humo. Vijana wa maofisini wakavalishwa sare haraka haraka ili wawakusanye. Dahl akapewa cheo cha luteni wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, na kundi la askari Waafrika awaongoze. Hebu fikiria, askari waliokula chumvi ya jeshi kwa miaka, wakiamrishwa na mtu aliyekuwa karani wa mafuta wiki iliyopita! Kazi hiyo hakukaa nayo. Novemba aliingia garini akaja Nairobi, karibu kilomita 970 kwa barabara za wakati ule, akajiandikisha katika jeshi la anga la Uingereza, RAF.

Kwa hiyo ukiulizwa, dada yangu, sema hivi: alijiendea. Mengine kuhusu mama yake nitayarudia mwishoni, maana kuna jambo moja nataka ulisikie peke yake.

SWALI: Fundi, nimesoma kwamba huyo Dahl aliachiwa ndege peke yake baada ya saa 7 na dakika 40 tu za mafunzo. Mimi nasomea urubani, nina saa 14, na mwalimu wangu bado anakaa kando yangu. Je, mimi kichwa changu ni kizito? — Mwanafunzi, South B

JIBU: Kichwa chako hakina kasoro, kijana wangu. Ngoja nikueleze alichokuwa anarusha, halafu ujipime mwenyewe.

Ndege yenyewe ilikuwa Tiger Moth. Nimeishika moja kwa mikono hii, ya mteja aliyeileta tuikague. Ina mabawa ya juu na ya chini, yameshikanishwa kwa nguzo nyembamba na waya. Kiunzi ni chuma na mbao, kimevikwa kitambaa kilichopakwa dawa mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Ukikigonga kwa kidole kinaitika. Viti ni viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, na juu ni mbingu tu. Mwalimu hukaa mbele, mwanafunzi nyuma, wakizungumza kwa mpira wa kupitishia sauti uliochomekwa masikioni.

Stata hakuna. Mtu husimama mbele ya pua ya ndege, huweka vidole juu ya propela bila kuikumbatia, huivuta chini kwa nguvu na papo hapo hurudi nyuma. Ukiikumbatia, injini ikishika, inaondoka na mkono wako. Breki pia hakuna. Mzee aliyenifundisha ufundi alianza kazi wakati wa vita akiwa kibarua wa kusukuma ndege. Aliniambia kwamba upepo ukivuma walishika ncha za mabawa, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakikimbia nayo hadi mahali pa kuanzia. Wao ndio walikuwa breki. Kila nikisikia habari za marubani wa enzi ile nawaona kwanza hao wawili, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope.

Haya, Dahl alikuwa na urefu wa mita 1.98. Daktari wa jeshi alipomwona alikuna kichwa, ila akampitisha. Kwenye kiti cha Tiger Moth kichwa chake kilichomoza juu ya kioo cha kukinga upepo, na upepo wa propela ukampiga usoni hadi kupumua kukawa kazi. Alikuwa akiinama kila mara kuvuta pumzi, mwisho akajifunga kitambaa chepesi cha pamba puani na mdomoni. Hivyo ndivyo alivyojifunza.

Na alijifunzia Nairobi, ambako hakuna urahisi. Wilson, ambayo wakati ule iliitwa Nairobi West, iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya nguvu farasi 130 haipati pumzi yake kamili, bawa nalo halishiki kama linavyoshika Mombasa. Ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na ikirudi hugusa ardhi kwa kasi zaidi. Saa sita mchana, jua likiwa kali, mambo huwa mabaya zaidi. Ndiyo maana mwalimu wako anakuamsha alfajiri.

Hata hivyo, kuruka peke yake mara ya kwanza maana yake ni kuzunguka uwanja mara moja. Unapaa, unapinda, unashuka, basi. Siku hizo mtu kuachiwa baada ya saa 8 au 10 ilikuwa kawaida. Leo leseni ya rubani binafsi pekee hudai saa zisizopungua 40. Saa zako 14 zisikutie haya. Mwalimu wako ana nafasi ya kusubiri. Walimu wa Nairobi wa 1939 vita vilikuwa vimewashika shingo.

Dahl alifurahia sana miezi hiyo. Alipenda kuwatazama wanyama wa nyika kutoka juu, na ni nani asingependa? Lakini shika jambo hili: aliingia mafunzoni pamoja na vijana wengine 16. Kati ya hao 16, waliouona mwisho wa vita wakiwa hai ni 3. Hao 13 waliokufa ni matatu ya abiria 14 ikipungua mmoja. Wote waliipanda Tiger Moth hiyo hiyo, katika hewa hii hii, na kila mmoja alikuwa na siku yake ya kwanza ya kuachiwa.

SWALI: Mzee Fundi, mimi na mwenzangu dukani tunabishana. Yeye anasema Dahl alitunguliwa na adui huko Libya. Mimi nasema hakutunguliwa, alianguka Misri. Chai na mandazi ya wiki nzima yanangoja jibu lako. — Muuza Spea, Kirinyaga Road

JIBU: Mandazi ni yako. Lakini mwenzako hakuota. Tarehe 1 Agosti 1942 gazeti la Marekani, Saturday Evening Post, lilichapisha simulizi ya Dahl kuhusu siku ile, na kichwa cha habari kilisema ametunguliwa juu ya Libya. Wakati huo Dahl alikuwa ametumwa Washington, Marekani imeshaingia vitani, na habari ya shujaa aliyetunguliwa inauzika kuliko habari ya kijana aliyepotezwa njia. Ukweli wenyewe ndio huu.

Kutoka Nairobi alipelekwa Iraki, kituo cha Habbaniya, kilomita 80 hivi magharibi mwa Baghdad, kwa mafunzo ya juu. Agosti 1940 akapewa cheo cha ofisa na kupangwa Kikosi cha 80. Kikosi hicho kilikuwa jangwani Misri kikipambana na Waitalia, kikirusha Gloster Gladiator, ndege za kivita za mwisho za RAF kuwa na mabawa ya juu na ya chini. Dahl hakuwa ameirusha Gladiator hapo kabla. Wala hakuna aliyemfundisha namna ya kupigana na ndege nyingine angani. Alipewa ndege, akaambiwa aipeleke kikosini.

Tarehe 19 Septemba 1940 aliondoka Abu Sueir, karibu na Ismailia, akielekea magharibi kwa vituo, akijaza mafuta njiani. Kituo cha mwisho kilikuwa Fouka. Hapo ndipo alipoonyeshwa kwenye ramani kiwanja cha kikosi kilipo, kilomita kama 48 kusini mwa Mersa Matruh. Ilikuwa inaelekea jioni. Akapaa.

Alipofika hapakuwa na kitu. Mchanga na mawe, mawe na mchanga. Akazunguka akitafuta hema, gari, alama yoyote. Mafuta yakapungua na jua likawa linazama, na jangwani giza haliji polepole. Akaamua kutua popote. Magurudumu yakagonga jiwe kubwa, ndege ikafudikia pua na kuwaka moto. Fuvu lake lilipasuka, pua ikasagika, macho yakafunga asione. Akajikokota kutoka kwenye moto kwa kupapasa, kisha akazimia.

Uchunguzi wa RAF ulionyesha baadaye kwamba mahali alipoelekezwa sipo. Alikuwa ametumwa katikati, kwenye jangwa lililokuwa baina ya majeshi ya Waingereza na ya Waitalia.

Hapa wasomaji wangu mniwie radhi nikawie kidogo. Mwaka 1984, mwaka ule wa ukame mkubwa, nilikaa Isiolo mwezi mzima nikihudumia ndege moja ndogo iliyokuwa ikipeleka dawa kaskazini. Asubuhi moja mtu wa ofisini alimwandikia rubani kwenye kipande cha karatasi: kiwanja kiko mashariki ya kisima. Rubani alikuwa kijana wa miaka 26, mpole, ndevu hazijamkolea. Akakunja karatasi akaitia mfuko wa shati. Kumbe visima vilikuwa viwili. Alikwenda kwenye kisima cha kwanza akakitafuta hicho kiwanja kwa karibu saa nzima, akishuka, akipanda, akishuka tena, mpaka akaona afadhali arudi.

Alipotua sikumuuliza kitu. Nilifungua koki iliyo chini ya tangi nikakinga kwa mtungi wa glasi, ule tunaoutumia kila asubuhi kutazama kama mafuta yana maji. Bawa la kushoto lilijaza mitungi miwili, mtungi wa tatu ukafika nusu, kisha likatoa matone na kukauka. Mitungi miwili na nusu ndiyo iliyokuwa imebaki kati ya kijana yule na mawe. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha bawa. Aliniuliza kama kuna chai. Hakusema neno lingine mpaka magharibi.

Injini yangu haikuwa na kosa. Rubani hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi, na aliyeiandika alikuwa ameshakwenda nyumbani kwake kula. Kwa sababu hiyo nikisoma kwamba Dahl "alianguka" roho hukataa. Kuanguka kunamtupia lawama mwenye kuanguka. Dahl alielekezwa jangwani na watu wenye meza na ramani, akaenda kama alivyoambiwa.

Walimwokota wakampeleka kituo cha huduma ya kwanza Mersa Matruh, na kutoka hapo kwa treni hadi hospitali ya jeshi la majini Alexandria. Kwa wiki kadhaa hakuona. Pua walimtengenezea upya. Alikaa huko karibu miezi mitano, na Februari 1941 madaktari wakamwandika kuwa mzima.

SWALI: Fundi, Dahl aliangusha ndege ngapi za adui? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kawangware

JIBU: Watafiti waliopekua kumbukumbu baada ya vita wamemthibitishia 5. Najua ndiyo namba uliyoitaka. Mimi nakupa na nyingine.

Alipotoka hospitali, Kikosi cha 80 kilikuwa kimehamia Ugiriki, Eleusina, karibu na Athens, na Gladiator zimebadilishwa kwa Hawker Hurricane. Hurricane ina bawa moja kila upande, ina bunduki za rashasha 8, na injini yake ikinguruma unaisikia kifuani. Unajua alikuwa ameirusha kwa muda gani kabla ya kuvuka nayo bahari ya Mediterania, Aprili 1941? Saa 7. Saa 7 na dakika 40 kwa Tiger Moth juu ya Nairobi, saa 7 kwa Hurricane kabla ya kukutana na Wajerumani.

Waingereza walikuwa na ndege 18 za mapigano katika Ugiriki nzima: Hurricane 14 na Blenheim 4, ambazo ni ndege za mabomu. Tarehe 15 Aprili, akiwa peke yake juu ya mji wa Chalcis, Dahl alikutana na kundi la Junkers 88, ndege za mabomu za Wajerumani, zilizokuwa zikishambulia meli, akaangusha moja. Kesho yake akaangusha nyingine. Junkers 88 kwa kawaida hubeba watu wanne, kijana wangu. Ukiandika "ndege 1" kwenye daftari lako, andika na watu wanne kando yake.

Tarehe 20 Aprili Hurricane 12 zilipaa juu ya Athens kukabili kundi kubwa la Wajerumani. Tano zilitunguliwa na marubani wanne wakafa. Mmoja wao alikuwa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwenye miaka 26, ambaye wengi humhesabu kuwa rubani aliyeangusha ndege nyingi kuliko wote wa Jumuiya ya Madola katika vita vile. Rubani bora kuliko wote alikufa, na huyu wa saa 7 akatua salama. Wewe unayesoma hesabu shuleni, nitafutie mizani ya jambo hilo.

Ugiriki ikaanguka. Waliobaki wakakusanyika Haifa, ambako Juni 1941 walipigana na ndege za Wafaransa wa Vichy, serikali iliyoshirikiana na Ujerumani, na za Wajerumani wenyewe. Hapo kichwa kilichopasuka jangwani kikaanza kudai haki yake. Maumivu yalimshika akiwa angani hadi akapoteza fahamu. Wakamrudisha Uingereza kwa sababu ya afya. Tangu alipopelekwa Ugiriki hadi hapo ni miezi isiyozidi mitatu.

SWALI: Fundi, tunakuheshimu, lakini unatuandikia ya Mzungu. Babu yangu alikuwa KAR na hakuna gazeti lililomwandikia hata mstari. Kwani kwenye hizo Tiger Moth Waafrika walikuwa wapi? — Mjukuu wa Askari, Kariokor

JIBU: Umeuliza vizuri, na sitakuzungusha. Waafrika walikuwa wameshika ncha za mabawa.

Kabla ya vita, RAF haikumpa cheo cha ofisa mtu asiyekuwa wa asili ya Ulaya. Kizuizi hicho kililegezwa Oktoba 1939, kwa muda wa vita tu. Kutoka Afrika Magharibi wakajitokeza vijana. Peter Thomas wa Nigeria alipata ubawa wake, yaani beji ya urubani, na cheo cha ofisa mwaka 1942, akafa katika ajali ya ndege 1945. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwonyesha njia katika ndege za mabomu. Walitunguliwa juu ya Ujerumani Novemba 1943, akakaa mfungwa hadi vita vilipokwisha. Huku Kenya, wakubwa wa kikoloni walimtaka Mwafrika aje na miguu na mgongo wake: askari, dereva wa lori, mchukuzi. Wewe unayekaa Kariokor huna haja ya kuelezwa, jina la mtaa wako lenyewe limetokana na Carrier Corps, wale wachukuzi wa Vita vya Kwanza. Katika vita hivi vya pili askari wetu walipigana Habeshi, wakapigana Madagaska, wakafika Bama (Burma).

Na kuna ambao hawakufika. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani yake mlikuwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga, nayo ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Wale Waafrika Mashariki waliozama bila kaburi wanakumbukwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Ngong Road. Nenda siku moja, pametulia, nyasi zimekatwa vizuri. Mimi huenda Novemba. Na kama una picha ya babu yako, au namba yake ya jeshi, au hata wimbo aliokuwa akiuimba, niletee. Ukurasa huu nitampa yeye, na nitauandika kwa moyo ule ule.

Sasa narudi kwako, Mama wa Watatu.

Dahl alimwandikia mama yake tangu akiwa mtoto wa miaka 9 katika shule ya bweni. Aliandika kutoka Dar, akaandika kutoka Nairobi, akaandika kutoka hospitalini. Mama hakutupa hata moja. Alizipanga na kuzifunga kwa utepe wa kijani, zaidi ya barua 600, na hakumwambia. Mwanawe alizigundua baada ya mama kufariki, mwaka 1967. Kijana huyo baadaye alipata umaarufu wa dunia nzima, na uzeeni alisema maneno mabaya juu ya Wayahudi, ambayo jamaa zake waliyaombea radhi mwaka 2020. Sitaki kijana wako amfanye sanamu. Lakini zile barua nimezifikiria sana. Mwaka 1941 alipofika nyumbani kwa mama yake, Buckinghamshire, ilikuwa karibu miaka mitatu hawajaonana. Mama alikuwa na mafungu ya karatasi tu, na kila karatasi alipoifungua ilikuwa ya wiki kadhaa nyuma. Hakuwa na namna ya kujua kama aliyeiandika bado anapumua. Mjane aliyekwisha kuzika mtoto na mume katika mwaka mmoja, alikuwa akifungua bahasha namna hiyo kwa miaka.

Umeniomba nikujibu kama dada yangu. Kwa dada yangu ningesema: usimfungie mlango. Ukimfungia ataondoka hivyo hivyo, ila bila kukuaga. Lakini kama anakwenda Lanet kwenye chuo cha maofisa, aende akijua kwamba macho mazima na hesabu nzuri ni nusu tu ya kazi. Ajizoeze kuuliza. Akipewa karatasi aisome mara mbili mbele ya aliyeiandika, aulize visima viko vingapi, wala asione haya hata kama aliyempa ana nyota tatu begani. Dahl alikuwa mgeni kikosini, jua linazama, mkubwa ameshanyosha kidole kwenye ramani. Ni kijana gani wa miaka 24 angesimama pale aseme, samahani afande, una hakika?

Mlete Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwambie mlinzi wa lango anatafuta Fundi wa jarida, wananijua. Jamaa zangu wa hanga watamruhusu akae kwenye kiti cha ndege ya mafunzo, kisha nitamshusha nimfundishe kufungua koki ya tangi na kukinga mafuta. Ule mtungi wa Isiolo ninao bado. Nitakuja nao.